Tiba ya kufidia kimeng'enya: inakofika na isikofika

Kila inapotoka habari ya mtoto anayechangiwa fedha ili atundikiwe dripu kila baada ya wiki mbili, maisha yake yote, maswali huwa yale yale. Kama dawa inafanya kazi, mbona haina mwisho? Kama haiponyi, mbona bei yake inatisha hivyo? Na kama kinachopungua ni kimeng'enya tu, si kuna vidonge vya vimeng'enya vinauzwa? Majibu karibu yote yanatoka mahali pamoja. Dawa hii ni protini kubwa inayosafiri ndani ya damu. Husaidia pale tu damu inapoweza kuifikisha, na pale tu ambapo kiungo hakijaharibika kiasi cha kutorudi tena. Ukishika hilo, mengine yote yanaeleweka, pamoja na yale yanayokatisha tamaa.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi moja mahususi ya kikemia mwilini: kukata hiki, kuunganisha kile. Mwili una maelfu ya vimeng'enya, na kila kimoja hutengenezwa kwa kufuata maelekezo ya jeni yake. Jeni ikiwa na hitilafu, kimeng'enya hakitengenezwi kabisa, au kinatoka kimepinda na kinafanya kazi kidogo mno. Tiba ya kufidia kimeng'enya maana yake ni kumpa mgonjwa kile ambacho mwili wake umeshindwa kutengeneza, kikiwa kimetengenezwa kiwandani, kupitia mshipa.

Magonjwa mengi yanayotibiwa hivi yanahusu sehemu moja ndogo ya seli iitwayo lisosomu. Christian de Duve, mwanasayansi wa Ubelgiji, aliitambua mwaka 1955, na mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Lisosomu ni karakana ya kubomolea magari chakavu. Gari linaingia zima, linatoka vipuri vinavyoweza kutumika tena. Kila fundi ana spana moja tu: wa kwanza anafungua matairi, wa pili milango, wa tatu injini. Fundi wa tatu asipokuja kazini, magari yaliyokwisha kuvuliwa milango hayaendi mbele wala hayarudi nyuma. Yanapangwa uani, kisha juu ya mengine, hadi geti halifungiki. Mafundi wengine wote wapo na ni wazima, ila hawana gari la kushika. Seli iliyojaa hivyo hutanuka, na kiungo chenye seli hizo hutanuka nayo. Kuna zaidi ya magonjwa 50 ya namna hii, kila moja likiwa na fundi wake asiyekuwepo, na dawa za kufidia zimepatikana kwa sehemu ndogo tu ya hayo.

Tuchukue mmoja na tukae nao, kwa sababu ndio uliofungua njia: ugonjwa wa Gaucher. Jina ni la Philippe Gaucher, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari Ufaransa mwaka 1882 alipoeleza habari za mgonjwa mwenye bandama kubwa kupita kiasi. Yeye alidhani ni uvimbe wa saratani. Ilichukua zaidi ya miaka 80 hadi Roscoe Brady na wenzake, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walipoonyesha kwamba tatizo ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho glukoserebrosidesi. Kazi yake ni kukata glukosi kutoka kwenye aina fulani ya mafuta, glukoserebrosidi.

Hapa pana kosa la kwanza linalosambaa sana. Watu wakisikia neno mafuta, humshauri mgonjwa aache vyakula vya mafuta. Haisaidii. Mafuta haya hayatoki sahanini. Yanatoka kwenye kuta za chembe za damu zilizozeeka. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha humezwa na seli walaji ziitwazo makrofeji, ambazo huzivunja na kurudisha malighafi kwenye mzunguko. Mtu mwenye Gaucher akifunga kula mwezi mzima, chembe zake zitaendelea kuzeeka na makrofeji zitaendelea kuzimeza.

Makrofeji hizo zimejazana kwenye bandama (wengu), kwenye ini na kwenye uboho wa mifupa, na dalili zinafuata ramani hiyo. Bandama hukua hadi kulisukuma tumbo mbele, ikianza kunasa chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu anapojikata; kwa hiyo mgonjwa hutoka damu puani, fizi huvuja, na jeraha dogo huacha vilio vikubwa vya damu chini ya ngozi. Uboho uliojaa hushindwa kutengeneza damu ya kutosha. Mifupa huuma, wakati mwingine kwa maumivu makali ya ghafla yanayomlaza mtu siku kadhaa, na kichwa cha mfupa wa paja penye nyonga kinaweza kufa kwa kukosa damu. Kwa kuwa bandama kubwa na upungufu wa damu vina sababu nyingi zilizo za kawaida zaidi, kama malaria, kichocho na saratani ya damu, wagonjwa wengi huzungushwa miaka kabla mtu hajafikiria kupima kimeng'enya.

Ugonjwa una aina tatu, na tofauti yao itarudi baadaye kwa uzito. Aina ya 1, iliyo ya kawaida zaidi sehemu nyingi za dunia, haishambulii ubongo moja kwa moja. Aina ya 2 huanza katika miezi ya kwanza ya maisha na huharibu ubongo upesi. Watoto wengi hawavuki miaka miwili au mitatu. Aina ya 3 nayo hugusa ubongo, ila taratibu, na mara nyingi dalili ya mapema ni macho kushindwa kuhama haraka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kurithi bila kumlaumu mtu

Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayohusika, GBA1: moja ya mama, moja ya baba. Nakala moja nzima inatosha. Anayebeba nakala moja mbovu haugui Gaucher, na mara nyingi hajui kama anaibeba. Wabebaji wawili wakizaa, katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atapata nakala mbili mbovu na kuugua, asilimia 50 atakuwa mbebaji, na asilimia 25 hatakuwa nayo kabisa. Maneno ya kusisitiza ni «kila mimba». Wazazi wengi huelewa kwamba mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Mimba ya pili inaanza hesabu upya, ya tatu vilevile. Na kwa kuwa wote wawili wametoa nakala moja moja, ile tabia ya familia kumnyooshea mama kidole haina msingi wowote.

Katika watu kwa jumla Gaucher ni nadra, takribani mtu 1 kati ya 40,000 hadi 60,000, lakini kati ya Wayahudi wa asili ya Ashkenazi ni takribani 1 kati ya 850. Kuna jambo jingine ambalo wabebaji wanapaswa kulisikia kwa utulivu: hitilafu katika jeni hii huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa Parkinson uzeeni. Huongeza tu, wabebaji wengi hawaupati.

Si magonjwa yote hurithiwa hivi. Fabry, ugonjwa mwingine wa kundi hili, unakaa kwenye kromosomu X. Baba mwenye Fabry huwapa binti zake wote jeni hiyo na hampi mwanawe wa kiume hata mmoja. Mama huwapa nusu kwa nusu. Zamani wanawake waliambiwa wao ni wabebaji tu. Ilikuwa makosa: wengi huugua figo, moyo na kiharusi, ingawa kwa kawaida wakiwa wamechelewa kuliko wanaume.

Kipimo cha Gaucher hakihitaji kutoboa mfupa. Hupimwa nguvu ya kimeng'enya kwenye chembe nyeupe za damu, au kwenye tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi maalumu, ambalo linaweza kutumwa mbali ndani ya bahasha. Tone likionyesha upungufu, jibu huthibitishwa kwa kipimo kamili na uchunguzi wa jeni. Kwa mwanamke anayeshukiwa kuwa na Fabry, kipimo cha kimeng'enya peke yake kinadanganya: kinaweza kutoka cha kawaida kabisa wakati ugonjwa upo. Huyo apimwe jeni moja kwa moja.

Kumfikisha fundi getini

Wazo la kuingiza kimeng'enya kutoka nje lilikuwepo tangu miaka ya 1960. Ugumu ulikuwa mahali pa kukifikisha. Majaribio ya awali ya Gaucher yalionyesha kwamba kimeng'enya kilichochujwa kutoka kwenye kondo la nyuma la uzazi kiliishia zaidi kwenye seli za kawaida za ini, ambazo hazikuwa na shida nacho. Fundi alikuwa amepelekwa karakana ya jirani.

Ufumbuzi ulikuwa kwenye sukari. Protini hii ina minyororo midogo ya sukari ubavuni, na seli huitambua kwa sukari iliyo nchani. Makrofeji zina vipokezi vya sukari iitwayo manosi. Watafiti walipoikata minyororo hiyo hadi manosi ikabaki nje, makrofeji zilianza kuivuta protini na kuipeleka hadi ndani ya lisosomu. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 12 waliotibiwa hivyo: himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ilipanda na bandama zikasinyaa. Mwaka huohuo dawa ikaidhinishwa Marekani. Ilihitaji takribani makondo 20,000 kumtosheleza mgonjwa mmoja kwa mwaka, jambo ambalo lisingeweza kuendelea. Mwaka 1994 ikaja imigluserase, inayotengenezwa na seli za hamsta zilizopandikizwa jeni ya binadamu na kukuzwa kwenye matangi. Baadaye zikafuata velagluserase, inayotokana na seli za binadamu, na taligluserase, inayotengenezwa ndani ya seli za karoti.

Magonjwa mengine mengi ya kundi hili hutumia alama tofauti, manosi yenye fosfeti, ambayo vipokezi vyake vimeenea kwenye seli za aina nyingi. Ila havikuenea sawasawa. Misuli inavyo vichache, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini ugonjwa wa Pompe, ambao hujaza glikojeni (sukari ya akiba) kwenye misuli na moyo, huhitaji miligramu 20 za kimeng'enya kwa kila kilo ya uzito, wakati Fabry hutumia miligramu 1 au chini yake. Sehemu kubwa ya dozi ya Pompe haifiki inakotakiwa. Hutiwa nyingi ili kidogo kipenye.

Kwa nini si kidonge? Kwa sababu tumbo halitofautishi protini ya dawa na protini ya yai. Huzikata zote. Vile vidonge vya vimeng'enya wanavyopewa watu ambao kongosho lao halifanyi kazi ni vya kweli na vinasaidia, ila kazi yao inaishia ndani ya utumbo: kumeng'enya chakula. Haviingii kwenye damu, wala haviwezi kufika ndani ya lisosomu.

Na kwa nini kila wiki mbili? Kwenye damu, kiasi cha imigluserase hupungua kwa nusu ndani ya dakika chache tu. Kilichokwisha kuingia kwenye seli hudumu zaidi na kuendelea kukata, kisha nacho huvunjwa, kwani lisosomu haimwachi mtu, hata fundi wake mwenyewe. Jeni ya mgonjwa haijaguswa, kwa hiyo hakuna kingine kinachokuja isipokuwa dripu inayofuata. Magonjwa kadhaa ya kundi la mukopolisakaridi, yale ambamo kinachorundikana ni minyororo mirefu ya sukari, hutibiwa kila wiki.

Dripu yenyewe

Mfano wa hesabu. Mgonjwa wa Gaucher mwenye kilo 50, anayeandikiwa yuniti 60 kwa kilo, anahitaji yuniti 3,000. Kichupa cha imigluserase kina yuniti 400, kwa hiyo ni vichupa 7 na nusu. Nusu kichupa hakihifadhiki, kwa kuwa dawa haina kihifadhi. Badala ya kufungua vichupa 8 kila mara na kumwaga nusu, kliniki zenye uzoefu hutumia 7 safari hii na 8 safari ijayo. Jumla ya dripu mbili ni yuniti 6,000 zilezile zilizokusudiwa. Kwa mwaka ni dripu 26 na vichupa 195. Zidisha uzito, na idadi inapanda nao. Mtoto anayekua hupandishiwa dozi, na bajeti ya jana haitoshi kesho. Si kila mgonjwa huanzia 60. Wapo wanaofanya vizuri kwa nusu ya hapo, na dozi hurekebishwa kwa kufuata vipimo.

Kichupa hutoka kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, hakigandishwi. Ndani kuna unga mweupe. Huongezwa mililita 10.2 za maji ya sindano, yakielekezwa taratibu kwenye ukuta wa kichupa na si juu ya unga, kisha kichupa huzungushwa polepole mkononi. Hakitikiswi. Hii si nakshi ya kitaalamu: protini inapokutana na hewa kwenye povu hufunguka, ikifunguka haikati kitu, na iliyoharibika hivyo inaweza kuuchokoza mwili uishambulie. Humo huvutwa mililita 10 kamili, kila moja ikiwa na yuniti 40. Vichupa vyote hukusanywa kwenye mfuko mmoja na kuongezwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hadi jumla ifike kati ya mililita 100 na 200. Mara nyingine huonekana nyuzi nyembamba angavu zikielea baada ya kuchanganya. Hizo huzuiwa na chujio la mikroni 0.2 linalowekwa kwenye mpira wa dripu. Kichupa ambacho kimebadilika rangi au kina chembe nzito kabla ya hapo hutupwa. Dripu hukimbia kwa saa 1 hadi 2. Ya Pompe huchukua takribani saa 4, ikianza polepole sana na kuongezwa kasi kwa hatua kila mgonjwa anapoonekana yuko sawa.

Kosa linalotokea sana kwa wahudumu wapya ni kuharakisha mwisho wa dripu, au kusahau kusukuma kilichobaki kwenye mpira kwa maji ya chumvi. Mpira mrefu hubaki na mililita kadhaa, na kwa mtoto mdogo hizo ni sehemu ya maana ya dozi. Kosa lingine ni kutumia uzito ulioandikwa mwaka jana.

Mwili unaweza kuikataa dawa. Kwa kawaida ni wakati wa dripu au saa chache baadaye: homa, kutetemeka, ngozi kuwasha na kutoa mabaka, kifua kubana. Hali ikiwa nyepesi, dripu husimamishwa, hupewa dawa ya mzio, kisha huendelea kwa kasi ndogo. Uso ukivimba, pumzi ikikata au presha ikishuka, dripu huzimwa na adrenalini huchomwa kwenye msuli wa paja mara moja, miligramu 0.01 kwa kilo na isizidi 0.5 kwa mtu mzima. Ndiyo maana hata mgonjwa anayetundikiwa dripu nyumbani huanza kwanza hospitalini kwa miezi kadhaa.

Mwili pia hutengeneza kingamwili, protini zake za ulinzi, dhidi ya dawa. Kwa imigluserase hutokea kwa takribani asilimia 15 ya wagonjwa katika mwaka wa kwanza, na wengi hawadhuriki. Pompe ya watoto wachanga ni habari nyingine. Kuna watoto ambao miili yao haijawahi kutengeneza hata chembe ya kimeng'enya hiki, kwa hiyo kinga yao hukiona kigeni kabisa na hukizima kabla hakijafika kwenye moyo. Watoto hao hupewa dawa za kutuliza kinga kabla ya dripu ya kwanza au pamoja nayo. Kusubiri kuona kwanza kama kingamwili zitapanda ni kupoteza muda ambao mtoto hana, maana bila tiba wengi wenye Pompe ya utotoni hufa kabla ya kutimiza mwaka.

Isikofika

Ubongo unalindwa na kizuizi kati yake na damu, na protini kubwa namna hii haipiti. Kwa hiyo Gaucher aina ya 2 haitibiki kwa dripu. Aina ya 3 bandama yake itasinyaa na damu itapanda, lakini macho na degedege havitasikia dawa. Mgonjwa wa Hunter, ugonjwa mmojawapo wa kundi la mukopolisakaridi, anaweza kutembea mbali zaidi na kupumua vizuri huku uwezo wake wa kujifunza ukiendelea kupungua. Habari nyingi za magazetini huruka hapa, na familia hubaki zikidhani dozi ilikuwa ndogo.

Zipo njia za kukizunguka kizuizi hicho. Kwa ugonjwa mmoja wa watoto unaoua seli za ubongo, uitwao CLN2, tangu mwaka 2017 kumekuwa na kimeng'enya kinachoingizwa moja kwa moja kwenye maji ya ubongo, miligramu 300 kila wiki mbili, kupitia kifaa kidogo kilichopandikizwa chini ya ngozi ya kichwa. Hupunguza kasi ya mtoto kupoteza uwezo wa kutembea na kusema. Hakirudishi uwezo uliokwisha kupotea. Japani mwaka 2021 iliidhinisha dawa ya Hunter iliyoungwa na kipande cha kingamwili kinachotumia mlango ambao ubongo huutumia kuingiza madini ya chuma.

Gegedu za viungo, konea ya jicho na vali za moyo hazina mishipa ya damu ya kutosha, nazo hunufaika kidogo. Na popote ambapo kovu limeshachukua nafasi ya seli, hakuna cha kuokoa: figo la Fabry lililokwisha kusinyaa, kichwa cha mfupa wa paja kilichokwisha kufa. Hapo panahitajika kusafisha damu kwa mashine, figo la kupandikizwa au nyonga ya bandia. Muda wa kuanza una uzito kuliko chapa ya dawa, na mijadala mirefu kuhusu ipi ni bora kati ya zile tatu za Gaucher hunishangaza kidogo, kwa sababu tofauti kati yao ni ndogo mno ukilinganisha na tofauti ya kuanza na miaka 5 au kuanza na miaka 25.

Kuondoa bandama kwa upasuaji kulikuwa jambo la kawaida kabla ya 1991, na bado wapo wanaoliona kuwa njia ya mkato. Chembe sahani hupanda kweli. Lakini magari chakavu yaliyokuwa yakirundikwa bandamani sasa yanatafuta uwanja mwingine, na mara nyingi ni mifupa, huku mgonjwa akibaki na hatari ya kudumu ya maambukizi makali ya bakteria. Leo hufanywa kwa nadra sana.

Vidonge vipo kwa baadhi ya wagonjwa, ila havifanyi kazi ya kimeng'enya. Eliglustati, hasa kwa watu wazima wenye Gaucher aina ya 1, hupunguza magari yanayoingia getini: mwili hutengeneza mafuta kidogo zaidi. Kabla ya kuianza hupimwa kasi ya ini la mgonjwa katika kuivunja dawa, kwani kuna watu wanaoivunja haraka mno kiasi cha kutonufaika, na dawa nyingine za kawaida zinaweza kuigeuza kuwa hatari kwa moyo. Kwa Fabry kuna migalastati, kidonge cha siku moja na siku ya kupumzika, kinachokishika kimeng'enya kilichopinda kisivunjwe njiani. Hakimfai kila mtu, bali wenye hitilafu fulani za jeni tu. Kwa ugonjwa wa Hurler, nao wa kundi la mukopolisakaridi, watoto wanaogunduliwa mapema, kwa kawaida kabla ya miaka miwili na nusu, hupandikizwa uboho wa mtu mwingine, kwa kuwa baadhi ya seli zake hufika ubongoni na kutoa kimeng'enya hukohuko.

Bei ni suala la pekee. Kwa mtu mzima nchini Marekani imigluserase imekuwa ikizidi dola 200,000 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 1983 ya nchi hiyo huipa kampuni inayotengeneza dawa ya ugonjwa nadra miaka 7 ya kuuza bila mshindani wa dawa hiyohiyo, na wagonjwa wakiwa wachache, gharama yote ya kiwanda hugawanywa kwa watu wachache. Kuna wanaopata bure kupitia mipango ya kampuni zenyewe. Uchache wa viwanda una hatari nyingine: Juni 2009 kiwanda cha Genzyme, kampuni iliyotengeneza imigluserase, kilichoko Allston, Boston, kilikutwa na virusi kwenye matangi ya seli. Virusi hivyo havikujulikana kumdhuru binadamu, lakini vilizuia seli kukua, uzalishaji ukasimama, na wagonjwa duniani kote wakapunguziwa dozi au kuruka dripu kwa miezi mingi.

Aliyekosa dripu moja hapewi mbili kwa pamoja. Hurudi kwenye dozi yake mapema iwezekanavyo na ratiba inaendelea kutoka hapo. Anayeacha kwa sababu anajisikia vizuri kwa kawaida hubaki hivyo kwa wiki au miezi, kisha chembe sahani huanza kushuka na bandama kurudi. Mjamzito mwenye Gaucher kwa kawaida huendelea na tiba chini ya wataalamu wake, kwani kuvuja damu wakati wa kujifungua ni hatari kubwa zaidi. Hilo halimkingi mtoto asirithi. Hesabu ya jeni iko palepale.

Nini kitarajiwe, na lini? Kwa Gaucher aina ya 1, himoglobini inapaswa kufika gramu 11 kwa desilita ya damu kwa wanawake na watoto, au 12 kwa wanaume, ndani ya miezi 12 hadi 24. Bandama hupungua asilimia 30 hadi 50 katika mwaka wa kwanza. Ini huenda taratibu zaidi, asilimia 20 hadi 30 ndani ya mwaka 1 au 2. Maumivu ya mifupa huchukua mwaka mmoja au miwili kutulia, na uimara wa mfupa huhesabiwa kwa miaka. Vipimo vya kabla ya dripu ya kwanza ndivyo husahaulika mara nyingi: ukubwa wa bandama na ini kwa picha za mashine ya sumaku (MRI), picha ya mapaja, wingi wa chembe sahani. Bila hivyo, mwaka ukipita hakuna wa kusema kama dawa inafanya kazi. Na namba zisiposogea baada ya mwaka, maswali yaende kwa mpangilio huu: dripu ngapi zilikosekana, uzito uliotumika ni wa lini, dawa ilihifadhiwa na kuchanganywa vipi, kuna kingamwili, na je, damu inashuka kwa sababu nyingine kabisa, kama upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, ambao dripu hii haiugusi.